Kigari Kikubwa Kuliko Miguu Yangu

Mimi ni Akoth binti Zakaria, mama wa watoto wanne na nyanya wa wengi, na mgongo huu uliopinda mnaouona kila Sabato haukutokana na kubeba kuni. Nimeulizwa mara nyingi. Kwa kawaida hujibu kwamba nilizaliwa nikitafuta kitu kilichoanguka, watu wanacheka, na mazungumzo yanaishia hapo. Wiki iliyopita mkaza mwanangu alinionyesha picha za vigari vya watoto kwenye simu yake, vya kukaa ndani na kuendesha kwa miguu, akaniuliza, "Mama, nimnunulie kijana wangu kipi? Hiki kikubwa si ndicho kitakachomfaa miaka mingi?" Niliinuka nikatoka nje bila kumjibu. Haikuwa adabu, najua. Basi haya ndiyo majibu yake, na yeyote mwenye mtoto anayetaka kitu cha magurudumu ayasome pamoja naye.

Kwetu ni Kosele, lakini mimi nililelewa Osiri, upande wa Migori, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga na kazi yake ilikuwa huko. Ninayoyasimulia yalitokea mwaka uliofuata Uhuru, nikiwa na miaka tisa. Mama alikuwa amezika watoto wawili kabla yangu, na baada yangu hakupata mwingine. Nilikuwa mtoto wa mbio. Nikitumwa chumvi nilikwenda mbio na kurudi mbio, na nusu ya chumvi ilibaki njiani. Sikuwahi kuugua zaidi ya homa ya siku mbili. Mama alinitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa iliyo motoni, na mimi nilimwona anasumbua tu.

Siku moja Baba alitupeleka mjini Migori kununua mkanda wa mashine. Katika duka moja palikuwa na kigari cha bati, cha rangi ya samawati, kilichoachwa na mtoto wa ofisa mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Kilikuwa na pedeli na usukani wa kweli. Mwenye duka aliniruhusu kukikalia. Nyayo zangu zilikaa bapa juu ya pedeli na magoti yalikunjika vizuri. Nakumbuka nilivyokuwa nimeshika usukani huku natazama ukuta wa duka kana kwamba ni barabara.

"Baba Akoth, kimemkaa," Mama alisema.

"Kimemkaa leo," Baba akajibu. "Na mwakani?"

Lazima niwaeleze jambo hapa, maana vijana wa siku hizi huenda msilielewe. Kwetu hakuna aliyemnunulia mtoto kitu cha kumtosha. Sare ya shule ilinunuliwa ya mtoto wa darasa la mbele, upindo ukakunjwa mara tatu, na kila mwaka mama akafumua mkunjo mmoja. Viatu vilijazwa matambara kwenye ncha. Sweta ilifika magotini. Mtu akiuliza, aliambiwa, "Atakua ndani yake." Mzazi aliyenunua kitu cha kumtosha mtoto alionekana mpumbavu, au anayeringa. Baba yangu hakuwa mpumbavu. Aliniinua kutoka kwenye kile kigari cha bati, akaniweka chini, akasema atanitengenezea mwenyewe kikubwa na imara kuliko hicho.

Na kweli alikitengeneza. Kazi ilimchukua miezi miwili, jioni baada ya mashine kuzimwa. Ubao wa kukalia ulikuwa mvule mzito. Magurudumu yalikuwa ya chuma, aliyoyapata kwenye troli mbovu ya machimbo ya zamani ya dhahabu, na ndani yake alitia beringi za mashine ya kusaga, zikapakwa grisi hadi gurudumu likizungushwa linaendelea lenyewe mpaka unachoka kulitazama. Hakikuwa na usukani. Mbele palikuwa na boriti iliyoshikwa na bolti moja katikati, na dereva alikata kona kwa kuisukuma na miguu, kulia au kushoto, huku ameshika kamba ya katani. Breki ilikuwa ubao mwingine wa kukanyaga, wenye kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari. Kilikuwa kigari kizuri. Hata leo, pamoja na yote, siwezi kusema kilikuwa kibaya. Kilimfaa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Siku ya kukijaribu ilikuwa Jumapili. Ami yangu Elisha, ndugu mdogo wa Baba, alikuwa amekuja kutoka Kosele na watu watatu wa huko, na majirani walikuwa wamejaa uani kwa mashine. Elisha alikizunguka kigari, akakipiga teke kidogo, akasema, "Kaka, hii hata Mzungu hana." Baba alijaribu kuficha tabasamu lakini halikufichika.

Alinikalisha. Akapiga magoti mbele yangu, akaweka mkono juu ya ile boriti. Akasema kama bado ni kikubwa kwangu, kitakaa juu darini hadi mwakani.

"Miguu inafika?"

Haikufika. Niliteleza mbele kwenye ubao hadi mgongo ulikuwa karibu kulala, nikanyoosha vidole, na ncha za vidole zikagusa boriti. Visigino vilikuwa hewani. Breki sikuigusa kabisa. Lakini niliwaza kigari darini mwaka mzima, vumbi likikiangukia, na mimi nikikitazama kutoka chini.

"Inafika, Baba."

"Twende basi," akasema, akasimama.

Kutoka kwenye mashine palikuwa na mteremko mrefu hadi kijitoni, na kando yake ng'ombe walipita kwenda kunywa maji. Elisha alinisukuma. Mwanzo nilicheka. Kisha magurudumu yakachukua kasi, na kila kigari kilipotikisika vidole vyangu viliruka kutoka kwenye boriti na kurudi, vikaruka na kurudi, hadi havikurudi tena. Nilivuta kamba. Kamba ya mtoto haiwezi kugeuza chuma kile. Nilijisogeza mbele zaidi kuitafuta breki, na wakati huohuo kigari kikagonga lundo la mawe yaliyofukuliwa na wachimbaji, karibu kabisa na njia ya ng'ombe. Kilipinduka, nikaangukia samadi na mawe, na ubao wa breki ukanijia mguuni na misumari yake.

Watu walikimbia. Paji la uso lilikuwa limevimba kama yai, damu inatiririka puani, na wote wakashughulikia kichwa. Mama ndiye aliyeona mguu. Msumari ulikuwa umeingia katika unyayo wa kushoto, chini ya vidole. Baba aliuvuta kwa koleo. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, hata damu yake haikuwa nyingi. Mama aliliosha kwa maji ya chumvi, jirani akasema tupake jivu, tukapaka. Siku ya nne lilikuwa limefunga.

Jioni hiyo Baba alikitundika kigari darini. Akaniuliza, "Kwa nini hukukanyaga breki?"

"Nilisahau."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Alinitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mtoto wangu, breki haisahauliki," na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana naikumbuka.

Siku ya tisa niliamka taya likiwa zito. Nilidhani nimelilalia vibaya. Uji uliingia, lakini mdomo haukufunguka vizuri. Mchana shingo ikawa ngumu. Jioni nilishindwa kutafuna, chakula nikakirudisha sahanini. Mama alidhani ni jino. Baba alitazama juu darini, akanitazama mimi, akafikia uamuzi wake.

"Ananuna kwa sababu ya kigari," alisema. "Mwache. Njaa itamfundisha."

Kesho yake sikuweza kufungua mdomo zaidi ya upana wa kucha. Baba aliketi mbele yangu na uji katika kijiko, akasema nifungue. Nilijaribu. Misuli ya mashavu ilianza kuvuta yenyewe, ikavuta pembe za mdomo kwenda nyuma, nyusi zikapanda juu, na uso wangu ukawa unacheka. Sikuwa nacheka. Machozi yalikuwa yananitoka na uso unacheka, na Baba aliona kicheko tu. Alinipiga kofi.

Sitaki mtu yeyote amhukumu kwa kofi hilo. Alijihukumu mwenyewe vya kutosha. Lile kofi liliwasha kitu mwilini. Mgongo ulijikaza ukapinda nyuma kama upinde, kichwa kikachimba mkeka, visigino vikachimba mkeka, na katikati mwili wote uko hewani. Niliuma ulimi. Mkojo ulinitoka. Pumzi ilikatika. Na akili yangu, jamani, ilikuwa wazi kabisa. Huo ndio ukatili wa ugonjwa huu, haukupi hata huruma ya kuzirai. Nilimwona Mama ameshika kichwa kwa mikono miwili, na Baba bado ameshika kijiko.

Walinipakia kwenye lori lililopeleka mahindi Homa Bay. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Baba alilala chali juu ya magunia, akanilaza juu ya kifua chake ili mitikisiko impate yeye kwanza, lakini kila shimo lilinifikia na kila shimo lilinikaza. Nilihesabu mikazo hadi kumi na saba kisha nikaacha. Mama alikuwa anaomba kwa sauti. Baba akamwambia, "Omba kimyakimya, sauti inamuumiza." Alikuwa amegundua jambo hilo kabla ya daktari yeyote kumwambia.

Hospitali ilikuwa ya misheni. Daktari alikuwa Mzungu mrefu aliyezungumza Kiingereza, na muuguzi aliyetafsiri alikuwa mama mmoja Mkuria, Konsolata jina lake, asiyejua Kijaluo, kwa hiyo yote yalisemwa kwa Kiswahili na mimi niliyasikia yote. Daktari aliuliza kama nina kidonda. Wazazi wakasema hakuna. Alinipekua mwilini hadi akafika kwenye unyayo, akabonyeza lile kovu dogo, na usaha ukatoka, tone moja.

"Hii ni pepopunda," Konsolata alisema. "Iliingia na msumari. Baba mtoto, daktari anasema atajaribu. Hawezi kukudanganya. Wengi hawarudi."

"Wengi ni wangapi?" Baba aliuliza.

"Usiniulize hiyo."

Walinidunga dawa ambayo Konsolata alisema hutokana na damu ya farasi. Walikata unyayo, wakasafisha tundu mpaka ndani. Walinitia mpira puani uliofika tumboni, kwa ajili ya maziwa. Walinipa dawa ya usingizi yenye harufu kali iliyonitoka kila nilipopumua, na hadi leo nikikaribia duka la rangi navuka barabara. Kisha wakaniweka katika chumba cha mwisho, dirisha likafunikwa kwa blanketi mbili. Hakuna mwanga, hakuna sauti. Wauguzi walivua viatu mlangoni. Mlango ukigongwa, nilikazika. Kijiko kikianguka upande wa pili wa ukuta, nilikazika. Inzi akitua usoni, nilikazika.

Nimesikia shuhuda nyingi kanisani ambamo mgonjwa kitandani aliimba moyoni na kumwamini Bwana. Mimi nitasema ukweli wangu. Sikuimba. Baada ya wiki ya kwanza niliomba nife. Nilikuwa na miaka tisa na niliomba hivyo kwa maneno kamili, kila nilipohisi mkazo unakuja, maana unauhisi unapoanzia, chini ya mgongo. Katika kitanda cha pili palikuwa na kichanga aliyeugua ugonjwa huohuo kwa sababu ya kitovu. Siku moja asubuhi hakuwepo. Mama yake alikunja nepi zake polepole, bila kulia, kwa sababu aliambiwa palipo mtoto mwingine hapaliliwi. Nilimwonea wivu yule kichanga. Haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, na Mungu aliyasikia akanisamehe, au hakuyatilia maanani.

Baba aliruhusiwa kuketi nami mchana, kwa sharti asizungumze. Alitii siku nyingi. Siku moja alidhani nimelala. Alisogea karibu akanong'ona, sijui kwangu au kwa Mungu, "Mimi ndiye niliyechagua. Kile cha bati kilimtosha. Mama yake alisema. Mimi ndiye niliyechagua."

Alirudia maneno hayo mara nyingi sana. Nilitaka kumwambia, Baba, uliniuliza, nami nilijibu inafika. Meno yalikuwa yamefungana. Nilijaribu kulisukuma neno, na kule kujaribu kukaniletea mkazo mkubwa, akakimbia kumwita Konsolata, na nadhani tangu siku hiyo aliamini kwamba hata mnong'ono wake ulikuwa unaniua.

Wiki ya tatu mikazo ilianza kupungua, daktari akasema neno "labda". Siku hiyohiyo habari ilifika Kosele kwamba nimekufa. Nani aliyeipeleka, sijui. Huenda mtu aliona yule kichanga anatolewa akachanganya. Nyanya yangu, mama yake Baba, alifanya kile ambacho nyanya yeyote wa Kijaluo angefanya. Alijifunga kiuno, akakusanya wake za wanawe na wanawake wa kijiji, wakaja. Kwetu maiti hapokewi kimya. Mtoto asiyeliliwa ni kama hakuwa na watu. Walipanda gari hadi barabara kuu, wakatembea sehemu iliyobaki, na walipoliona lango la hospitali walipiga nduru kwa pamoja, kama ipasavyo, kwa upendo wote waliokuwa nao.

Ile sauti ilinipata chumbani. Sitaweza kuieleza vizuri. Nilijipinda hadi nikasikia kitu kinavunjika ndani ya mgongo, kwa sauti kama ya bua la mtama. Hewa ilikoma. Kila nilipokaribia kuachiliwa, nduru nyingine ikaja. Konsolata alinilalia miguuni, daktari akanidunga sindano pajani, na Baba akatoka mbio bila viatu.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa na Mama. Baba alifika langoni, akaenda moja kwa moja kwa mama yake mzazi, mbele ya wanawake wote, akamziba mdomo kwa mkono wake. Ninyi mnaojua kwetu mnajua maana yake. Mwana hamgusi mama yake mdomo, na kilio cha msiba hakizuiwi kwa mkono. Wanawake waligutuka wakanyamaza wote. Baba akasema, "Yu hai. Mnamuua. Yu hai."

Nyanya aliutoa ule mkono polepole. Akasema, "Zakaria, umenifunga mdomo kama mfu." Akaketi chini pale vumbini, na wote wakaketi, wakakaa kimya hadi jua likashuka. Walirudi Kosele bila kuniona. Nyanya aliishi miaka mingine sita na Baba alimpelekea kondoo wa kumtuliza, akampokea, lakini hakula tena chochote kutoka mkononi mwa Baba.

Sikufa. Sijui kwa nini. Daktari hakujua pia, alisema tu kwamba mwili umeamua. Mikazo ikawa mitano kwa siku, ikawa miwili, ikawa hakuna. Blanketi moja iliondolewa dirishani, kisha ya pili. Konsolata alipima mdomo wangu kwa vidole vyake. Kwanza ilikuwa ncha ya kidole, baada ya siku kadhaa kidole kizima, halafu viwili. "Vitatu vikiingia," alisema, "utakula ugali, na mimi nitakupikia." Alinipikia kweli, na samaki aliyemtoa miiba yote, akaketi kunitazama nikitafuna mpaka mwisho. Mama alifundishwa kuninyoosha miguu. Nilijifunza kutembea nikishika ukuta, na mgongo ulipokataa kunyooka daktari alisema mifupa miwili imebonyea na itabaki hivyo.

Neno langu la kwanza lilikuwa "maji". Baba alikuwapo. Alilia waziwazi, mtu mzima, fundi wa mashine. Nilikuwa na mdomo tena. Ningeweza kumwambia wakati huo. Sikumwambia. Niliogopa kwamba atakasirika, na kila mwezi uliopita neno lilizidi kuwa gumu kusema.

Nyumbani alikivunja kigari na kutupa chuma chake katika shimo la zamani la machimbo. Hakumtengenezea mtoto yeyote kitu tena, hata kitoroli cha kuchezea, hata alipoombwa na Elisha. Na tangu hapo kila alichoninunulia kilinitosha barabara. Sare, viatu, sweta, vyote vilikuwa vya kipimo cha siku hiyohiyo. Baada ya miezi mitatu vilinibana. Nilikwenda shule mikono ya sweta ikiishia kwenye viwiko, watoto wakanicheka, na Mama akawa anafumua na kuunganisha vitambaa. Hakuna aliyethubutu kumwambia Baba anunue kikubwa kidogo.

Nilipofika miaka kumi na minne nilipata nafasi ya kusoma bwenini, huko Asumbi. Baba alinisindikiza. Yeye alibeba sanduku la bati kichwani, mimi nilibeba godoro. Tulipumzika kando ya njia, na nikafikiri kwamba nisiposema sasa sitasema kamwe.

"Baba, siku ile ya kigari miguu haikufika. Uliniuliza, nikakudanganya."

Hakushtuka. Alikuwa anafuta jasho, akaendelea kufuta.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nimepiga magoti mbele yako, Akoth. Niliona visigino viko juu. Elisha alikuwa ameshaanza kunisifu, na watu wa Kosele wanatazama." Aliacha kufuta jasho. "Uliposema inafika, nilishukuru."

Miaka mitano nilikuwa nimeamini kwamba ukweli wangu utamponya. Nilidhani ataniambia, kumbe si mimi niliyekosa, na atasimama wima. Badala yake nilimpa nafasi ya kusema lake, na baada ya kulisema alionekana mzee. Nami sikupata nafuu niliyoitarajia. Tulikaa pale mpaka akasema tutachelewa. Alijitwika sanduku, tukaendelea na safari, na hatukulizungumza tena hadi alipolala katika Bwana.

Ninamshukuru Mungu aliyenirudisha ingawa sikuwa nimemwomba. Ninamshukuru Konsolata, popote alipo. Ninamshukuru Nyanya aliyekuja kunililia, na Baba aliyemziba mdomo. Wagonjwa mnaosoma haya mkiwa mmechoka kabisa, siwaambii jipeni moyo, kwa maana mimi sikuwa nao. Mtu anaweza kupona hata bila moyo. Hilo nimeliona.

Na wewe, mkaza mwanangu, ulitaka ushauri, na ushauri ndio huu. Mpeleke mtoto mwenyewe dukani, usimnunulie kwa picha. Mkalishe mgongo ukiwa umeegemea, asijisogeze mbele. Nyayo nzima, pamoja na visigino, zikae kwenye pedeli na magoti yabaki yamekunjika kidogo. Breki aikanyage hadi mwisho bila kujinyoosha. Tazama kama kuna msumari au bati lililochomoza. Aendeshe mahali tambarare, kamwe si mteremkoni. Akijichoma, hata tundu la sindano, kimbia naye akadungwe sindano ya pepopunda siku hiyohiyo. Na usimuulize kama miguu inafika. Atasema inafika. Piga magoti utazame, na ukiona visigino viko hewani mtoe, hata kama ukoo mzima umesimama unatazama na kupiga makofi.

Nunua kile kidogo, mwanangu. Mwakani kikimbana, mshukuru Mungu kwamba kimembana.